Gari Lisilomwona Mama Mkwe

Shemeji yangu alinunua gari kubwa kuliko akili yake. Nasema hivi nikiwa mzima, wala sijamkasirikia leo. Nilimkasirikia majira ya baridi ya mwaka juzi, na hasira yenyewe sasa imetulia, imekaa kitako kama mgeni aliyeshaletewa chai.

Ni mdogo wa mume wangu. Wao ni Wakongo wa Uvira, mimi ni Mtanzania, nimekulia Mbagala, na kila mmoja anadai Kiswahili cha mwenzake ni cha kuombea maji tu. Sisi tunakaa Jordbro, kusini mwa Stockholm, pamoja na mama yao, mama mkwe wangu. Shemeji anakaa Upplands Väsby, kaskazini huko, kwenye nyumba yenye majani ambayo hana muda wa kuyakata. Kati yake na sisi kuna jiji zima, na mimi nilikuwa sina shida na hilo.

Tangazo lilisema ni gari la familia. Jeusi, la umeme, viti saba, ndani kila mtoto na skrini yake. Shemeji alitusomea sifa zake mezani wakati chakula kinapoa: mifuko ya hewa huku, mifuko ya hewa kule, ukigongwa hivi hufi, ukipinduka vile hufi. Zote zilihusu watu walioketi ndani. Nilimuuliza na sisi tunaotembea kwa miguu tumewekewa nini, akaniambia ninunue gari.

Mbele lilikuwa ukuta. Magari mengine pua zao zinateremka, unaona dereva yuko wapi na dereva anakuona ulipo. Hili lilikwenda bapa, limenyooka mpaka mwisho, halafu likakatwa ghafla kama mkate. Boneti ilinifika kifuani. Nguzo za pembeni mwa kioo zilikuwa nene, mtu mwembamba angejificha nyuma ya moja na baiskeli yake. Shemeji alilipiga kofi la upendo pale puani akasema hii ndiyo heshima, watu wanakupisha. Kweli walimpisha. Ukiona ng'ombe anakuja na hujui kama ana macho, unampisha.

Sasa kwa watu wa mume wangu gari haliendi safari bila kuombewa. Kanisa letu lipo kwenye eneo la viwanda la Jordbro, ghorofani, chini yake kuna duka la matairi. Mtu akinunua gari, ibada ikiisha tunashuka wote, tunaliwekea mikono, mchungaji analikemea shetani wa ajali, tunaondoka tunanuka mpira. Kwa wengine inatosha mara moja. Kwa mama mkwe haikutosha. Kila mwanawe alipotaka kuondoka, yeye alikwenda kusimama mbele ya gari, mbele kabisa, kwa sababu ajali inatokea mbele. Aliinama, mgongo wake wenyewe ulikuwa umeshapinda, akaweka kiganja kimoja juu ya chuma na paji la uso karibu liguse taa, akaomba. Waliomo ndani walifumba macho mpaka asikike akisema amina.

Na hakuwa na haraka. Magari aliyoyajua yeye huko Uvira yalikohoa kwanza. Yakatetemeka, yakatoa moshi, utingo akapiga bodi kwa mkono, dereva akagombana na mtu. Ukiwa mbele yake unapata muda wa kumaliza maombi, kupisha, na kumsalimia jirani. Miaka yote hiyo Sweden hakuna aliyemweleza kwamba gari la umeme likiwashwa na likizimwa ni lilelile. Kwake yeye gari lililonyamaza lilikuwa limelala.

Shemeji alikuwa anaona haya. Wanawe walizama kwenye viti, wakawa wanamwambia baba yao kwa Kiswidi endesha basi, pappa, kör nu, watu wanatuangalia. Ni kweli walikuwa wanaangaliwa. Kuna jirani wa ghorofa ya chini aliyewahi kusimama dirishani na simu yake akarekodi. Jumapili moja mwezi wa pili, nje ya kanisa, mbele ya mchungaji na akina mama wa kwaya na mimi mwenyewe niliyeshika sufuria, shemeji aliteremsha kioo akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mama, siku moja nitaondoka na weye ukisimama hapohapo."

Mama mkwe alimaliza maombi yake kwanza. Kisha akapisha, akafunga vizuri koti lake, akaondoka. Akina mama wa kwaya waliitunza ile sentensi kama watu wanavyotunza nguo za sikukuu.

Haikupita hata wiki. Shule zilifungwa kwa likizo ya michezo, ile ya watu kwenda kuteleza kwenye theluji, na shemeji alitaka kuwapeleka watoto milimani. Milima iko kaskazini. Väsby iko kaskazini. Alitakiwa atoke nyumbani kwake aende zake. Lakini mama yake alimpigia simu akamwambia ukipita na wajukuu zangu safari ndefu namna hiyo bila maombi, usiniletee tena. Basi ikabidi avuke jiji zima kuja kusini kuombewa, halafu alivuke tena kurudi alikotoka. Alifika Jumatano asubuhi amekunja uso. Hakushuka garini. Hakunisalimia vizuri, na mimi nilikuwa nimemletea boksi la sambusa za njiani, nimeamka kuzikaanga.

Mama mkwe alitangulia, amevaa koti na kofia ya sufu iliyomfunika masikio. Chini kulikuwa na tope la theluji na chumvi ya barabarani. Mimi nilisimama pembeni, kwenye mlango wa jengo, nikisubiri amina ili nipitishe boksi dirishani. Niliona kila kitu. Nilimwona mama ameinama kwenye pua ya gari, mkono juu. Niliona ndani mke wa shemeji amefumba macho, watoto wamefumba au wanajifanya. Niliona shemeji ameinua kichwa anatazama mbele. Halafu gari likaenda.

Halikulia, halikutetemeka. Lilikwenda tu, polepole, na mama hakuwepo tena.

Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. Lilisimama. Alikuwa chini, mguu mmoja umeelekea upande ambao miguu haielekei, kofia imeangukia kwenye tope. Alikuwa anasema amina. Sijui kama ndipo alipofika katika maombi yake au ndilo neno pekee lililokuwa mdomoni, lakini alilisema tena na tena mpaka gari la wagonjwa lilipokuja. Shemeji alikuwa amepiga magoti pale kwenye tope anasema mama sikukuona, mama sikukuona, na mimi nikamwambia nyamaza, mbwa wewe, ulikuwa unamwangalia.

Nyonga ilivunjika. Wakamfanyia upasuaji, wakamwekea vyuma. Polisi walikuja hospitali, wakampigia mkalimani kwenye simu, na mama mkwe akawaambia ni bahati mbaya, theluji, uzee, asanteni sana. Kwa polisi hakumtoa mwanawe. Walipofunga mlango aligeukia kwangu na kwa mume wangu akasema taratibu, kama mtu anayetaja bei ya unga:

"Alisema atafanya. Amefanya."

Kuanzia hapo hakumsemesha tena. Shemeji alikuja na maua, mama akaangalia ukuta. Alikuja na supu ya kuku aliyoipika mwenyewe, mwanaume ambaye hajawahi kuosha kikombe, na mama akaniuliza mimi ile sufuria ni ya nani, nikamwambia, akasema basi mpe aliye na njaa. Aliporudi nyumbani kwetu na kigari chake cha kutembelea, watu walikuja kumpa pole, naye akawaambia alizaa watoto wawili na amebaki na mmoja. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kochi akisikia. Mimi nilimwongezea chai ya moto sana, nikasubiri aunguze ulimi.

Jordbro haina siri, na kanisa letu lina siri chache zaidi. Habari ilifika mpaka mtaa wa Hagsätra, ikafika kwa watu ambao hawajawahi kutuona. Ile sentensi ya siku ya Jumapili ilisemwa upya kila mahali, kila aliyeisema akaiongezea pilipili. Shemeji akiingia kanisani watu wanasogea kwenye benchi kana kwamba wanampa nafasi, nafasi ikawa kubwa mno. Hakuna aliyetaka lifti yake. Kuna mama mmoja alimwambia usoni kwamba kwao mtu wa namna hiyo asingezikwa na watu. Alikonda. Suruali zilianza kumvuka. Nasema ukweli, sikumhurumia hata tone.

Alichokuwa anakisema kilikuwa hichohicho. Hakumwona. Vile vidude vya mbele vinavyopiga mlio ukikaribia kitu, alikuwa amevizima, kwa sababu wakati wa theluji vinapiga mlio kutwa nzima kwa kila bonge la barafu. Kamera ya puani ilikuwa imefunikwa na tope na chumvi, picha ilikuwa ya kijivu tupu. Aliinua macho akaona maegesho hayana mtu, akajua mama amechoka na baridi, amerudi ndani. Nilimwambia kamera ya nini na Mungu alikupa macho mawili na miwani juu yake. Nilimwambia mimi nilisimama pembeni na nilimwona mama yako mzimamzima, kuanzia kofia mpaka viatu. Mume wangu alimwambia usije tena mpaka uwe na neno jingine la kusema.

Alichotaka hakikuwa kingine ila mama yake aamini. Angekubali kufungwa, nadhani, kama mama angeamini. Alileta mchungaji, alileta wajomba kutoka Norway, wakakaa sebuleni kwangu wakala wali wangu wakanena. Mama mkwe aliwasikiliza wote kwa adabu kisha akaniomba nimsindikize chooni.

Theluji ilipoisha na miti ikaanza kutoa majani, siku ya Jumamosi mchana, shemeji alikuja tena. Mimi nilimfungulia mlango kwa mguu. Alisimama tu pale kwenye viatu. Mama mkwe alimtazama kwa mara ya kwanza tangu hospitali, akamtazama muda, halafu akaniambia mimi, hakumwambia yeye, nimletee koti.

Alitaka apelekwe kwenye gari. Alitaka aketi pale anapokaa dereva.

Mtu ambaye maishani mwake hajawahi kushika usukani. Tulimteremsha kwa lifti, mimi na mume wangu, tukampitisha na kigari chake hadi maegesho. Lile dude lilikuwa limeoshwa linang'aa. Kiti kilikuwa juu mno kwa nyonga yake, ikabidi shemeji ambebe, na mama akajiacha abebwe huku uso ameugeuzia upande mwingine. Alipoketi alikuwa haoni hata kioo, akaamuru kiti kipandishwe mpaka macho yake yawe sawa na ya mwanawe, asije mtu kusema alihukumu akiwa mfupi. Shemeji akabonyeza kitufe, kiti kikapanda polepole, akapima kwa kiganja chake, akionyesha kwenye nguzo ya mlango mahali yanapofika macho yake mwenyewe. Kisha mama akaniita mimi, kwa sababu tumelingana kimo, akasema nenda kasimame pale.

Nilikataa. Nilimwambia mama, mimi nina watoto. Nilimwambia hili gari halijulikani limelala au limeamka. Mume wangu akachukua ufunguo, akatembea nao hadi upande wa pili wa maegesho, kwenye mapipa ya taka, akauinua juu nimwone ameushika. Ndipo nikaenda.

Nilisimama alipokuwa amesimama yeye. Nikainama kama alivyoinama, nikaweka kiganja juu, nikashusha kichwa. Jamani. Mbele yangu kulikuwa na chuma, na chuma, na nembo. Sikuona kioo wala mtu. Nilisikia pumzi yangu inagonga bati inanirudia usoni. Nilijua ufunguo uko kwenye mapipa na bado nikawa nawaza hivi ndivyo ilivyo kuombea watu wasiokuona.

Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Nilimsikia mama akiuliza.

"Eko wapi?"

"Mbele, mama. Amesimama pale ulipokuwa."

Kiti kikalia tena kidogo, nadhani aliomba kipandishwe zaidi.

"Simuone," alisema mama mkwe. "Mwambie apunge mkono." Nilipunga. "Ninaona vidole. Yeye mwenyewe simuone."

Shemeji alilia. Alilia kama mtu aliyetolewa kisimani, kwa kelele, akashika miguu ya mama yake pale kwenye kiti, akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Unaona, mama? Unaona? Sikukuona! Nilinyanyua kichwa. Mama alikuwa amemwekea mkono kichwani, mara ya kwanza tangu wakati ule, na uso wake ulikuwa umelegea kabisa. Hata mimi, na ubaya wangu wote, nilimhurumia kidogo. Kama shemeji angefunga mdomo wake hapo, mambo yangeishia hapo.

Hakuufunga. Watu wenye furaha wanaropoka. Akaanza kumweleza mama yake kwa nini siku zote nyingine haikutokea. Jumapili hakuna shida, alisema, kwa sababu Jumapili unavaa kilemba cha kitenge, kile kirefu, kinaonekana juu ya boneti. Mimi kila Jumapili nikiwa kwenye usukani nilikuwa naangalia kilemba tu. Kikiwepo nasubiri, kikiondoka naondoka. Siku ile ulivaa kofia, mama. Ni kofia tu!

Mkono wa mama ulikuwa bado kichwani kwake. Nilikuwa naangalia ule mkono. Haukuondoka haraka, ulisimama tu, ukawa kama mkono uliosahauliwa juu ya meza.

"Kumbe ulijua," akasema.

Akamwuliza, sasa kwa utulivu kabisa, ni tangu lini. Shemeji akasema tangu mwanzo, mama, tangu nililileta, hili gari ndivyo lilivyo, hata watoto nikiwapeleka shule nawaambia wasipite mbele. Alipofika hapo ndipo aliposikia maneno yake mwenyewe. Nilimwona anayasikia. Mdomo ukabaki wazi.

"Watoto uliwaambia."

Mama mkwe hakupaza sauti. Aliniambia nije nimshushe, na shemeji aliponyoosha mikono ambebe akasema hapana, nitashuka na huyu. Mimi na nyonga ya vyuma na kiti kirefu kama kile. Sijui tulishukaje. Aliumia, nilimsikia anavyouma meno, lakini alishuka. Tukarudi ndani tukimwacha amesimama na mlango uko wazi, gari linapiga kengele yake ndogo kumkumbusha aufunge.

Tangu siku hiyo nimekuwa na tabia. Nikiwa kwenye maegesho ya dukani, nikikuta gari la namna hiyo halina mtu, nakwenda kusimama mbele yake na kujipima. Yapo ya kunifika tumboni, yapo ya kifuani, na lipo moja, la mama mmoja mwenye viti viwili vya watoto nyuma, lilinifika shingoni. Alinikuta pale akaniuliza kwa Kiswidi kama nahitaji msaada. Nikamwambia ndiyo, ingia ndani, washa taa, niambie kama unaniona. Alifunga milango.

Shemeji hajaliuza. Anasema limemzoea. Amebandika kioo cha mviringo mbele, na anavisafisha vile vidude kwa kitambaa kila asubuhi, mkewe ndiye aliyeniambia. Siku hizi kabla ya kuondoka anashuka na kulizunguka gari lote, anainama anachungulia chini, hata kama hakuna mtu mtaa mzima.

Na mama yake anamsemesha. Hilo ndilo watu wanaloliona, wanamshukuru Mungu. Anakula supu yake. Anapokea simu zake. Ila maombi ya safari hayapo tena, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Jumapili moja kanisani, wakati wa ushuhuda, alisimama kwa kushika kiti cha mbele yake akawaambia watu kwamba mwanawe alimgonga kwa hasira, kwamba hasira ni shetani, na kwamba yeye amemsamehe kwa moyo wote. Watu wakapiga makofi. Wengine walilia. Nilijua, mume wangu alijua, kwamba anachokisema hakikuwa hivyo, na yeye alijua kuliko sisi.

Shemeji aliinuka. Alikuwa ameivaa suti yake ya harusi. Akasema mama, haikuwa hasira, wewe mwenyewe uliketi pale, ulijionea, sikukuona.

Mama mkwe aligeuka, akamtazama mbele za watu wote, na hakukuwa na chuki usoni mwake.

"Keti, mutoto yangu," alimwambia. "Ya hasira nimeweza kusamehe."

Akaketi.